Kalamu Mdomoni na Tabasamu la Kuamrishwa

Karibu kila ninapoalikwa kuzungumza na wafanyakazi wa huduma kwa wateja, mtoa mada aliyenitangulia huwa amekwisha kuwaambia watabasamu hata wakiwa na huzuni, kwa kuwa ubongo hauwezi kutofautisha tabasamu la kweli na la kuigiza, na furaha itafuata yenyewe. Juzi maneno hayo yamenifikia tena kwa WhatsApp, yakiwa na picha ya jua linalochomoza na agizo la kuwatumia watu kumi. Sitamtumia hata mmoja.

Ushahidi maarufu wa dai hilo ni kalamu. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Fritz Strack na wenzake waliwapa washiriki kalamu waishike mdomoni, wengine kwa meno, jambo linalovuta misuli ya mashavu kama mtu anayetabasamu, na wengine kwa midomo, jambo linaloizuia, kisha wakawaomba wapime katuni kwa kadiri zinavyochekesha. Wenye kalamu menoni walizipa katuni alama za juu kidogo. Basi. Hakuna aliyeponywa msongo wa mawazo, wala aliyepatana na mkuu wake wa kazi.

Hapa ndipo ninapokosa subira na pande zote mbili. Mwaka 2016 maabara 17 zilirudia jaribio hilo kwa pamoja na hazikuyapata matokeo yale, na mara moja wakajitokeza wenye kusema kwamba uso hauna athari yoyote kwa hisia, kana kwamba jaribio moja likianguka swali zima huanguka nalo. Strack alilalamika kwamba safari hii washiriki walirekodiwa kwa kamera, na mtu anayejua kwamba anatazamwa hujichunguza kwa namna nyingine. Lalamiko hilo lilinukia kisingizio, hadi mwaka 2018 watafiti wengine walipolijaribu kwa kamera na bila kamera, wakaiona athari pale tu kamera ilipoondolewa. Kisha mwaka 2022 ukachapishwa utafiti wa watu 3,878 kutoka nchi 19: waliotabasamu kwa kuiga picha, au kwa kuelekezwa namna ya kuvuta midomo na mashavu, waliripoti furaha iliyoongezeka kidogo, ilhali kalamu yenyewe haikutoa jibu la kueleweka. Kwa hiyo athari inaonekana ipo, lakini ni ndogo, na ilipimwa kwa watu waliokaa dakika chache bila mteja wa kuwafokea. Kuitoa huko na kuifanya dawa ya mtu anayesimama kwenye dirisha la huduma saa nane kwa siku ni kuibebesha mzigo usiowahi kuwa wake.

Lakini swali lenyewe limewekwa kichwachini, kwa sababu linadhani kwamba tabasamu ni jambo kati ya mtu na ubongo wake. Mwaka 1979 wanasaikolojia Robert Kraut na Robert Johnston waliwatazama Wamarekani wakicheza mchezo wa kuviringisha mpira mzito ili kuangusha pini. Mchezaji aliyefanya vizuri hakutabasamu sana akiwa amezielekea pini. Alitabasamu alipogeuka na kuwatazama wenzake. Washindi wa medali za dhahabu katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 walionyesha mambo ya namna hiyo: tabasamu lilijaa waliposhughulika na viongozi na umati, likapungua walipokuwa wakisubiri au wimbo wa taifa ulipopigwa, na sidhani kwamba furaha yao ilikuwa ikienda na kurudi. Mwanasaikolojia Alan Fridlund alikwenda mbali zaidi mwaka 1991, akaonyesha kwamba hata aliye peke yake hutabasamu zaidi akiamini kwamba rafiki yake anatazama filamu ile ile katika chumba kingine.

Nakiri kwamba maelezo ya Fridlund hunitia mashaka. Ikiwa kila tabasamu la mpweke tunaweza kulieleza kwa hadhira iliyomo akilini mwake, sijui ni ushahidi gani ungetosha kulikanusha wazo hilo. Hata hivyo nalitumia, kwa kuwa sijaona linaloeleza zaidi. Kuhusu mikunjo ya macho inayodaiwa kufichua tabasamu la kweli tangu Duchenne, daktari Mfaransa wa karne ya 19, alipoichochea misuli ya uso kwa umeme, nitasema tu kwamba watu wengi wanaweza kuiigiza.

Basi ikiwa tabasamu huelekezwa kwa mwingine, nani ananufaika nalo? Hilo linategemea nani anaweza kukataa kulitoa. Sokwe dhaifu humwonyesha mwenye nguvu meno bila sauti ili asidhuriwe, na wengi katika fani yetu ya kuchunguza hisia na uso huihesabu ishara hiyo kuwa karibu na asili ya tabasamu letu. Wanawake kwa wastani hutabasamu kuliko wanaume, lakini tofauti hiyo hupungua wanapokuwa na wajibu ule ule. Mtazameni mhudumu wa benki mwisho wa mwezi: mteja anapofika pembe za mdomo hupanda, na kabla risiti haijamaliza kutoka zimekwisha kushuka, huku mabega na macho vikiwa havina habari. Mteja amepunguziwa hasira ya foleni, mwajiri amepata sifa ya uso mkunjufu, na gharama imebaki dirishani. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliieleza kazi hiyo mwaka 1983 kupitia wahudumu wa ndege wa Marekani, na tafiti zilizofuata zimehusisha mara kwa mara uigizaji wa juu juu wa hisia na uchovu wa kihisia.

Sisemi kwamba mtoaji hapati kitu. Tabasamu huweza kumletea bakshishi, upole wa mgeni, pengine hata mteja wa kudumu. Ninachokataa ni kuwaambia wafanyakazi kwamba wanaamrishwa kutabasamu kwa faida ya afya yao. Meneja anayelitaka tabasamu aseme wazi kwamba ni sehemu ya kazi, alihesabu anapopanga mishahara na mapumziko, na amruhusu mhudumu kuliondoa usoni mteja anapoanza kumtukana.