Tangi Dogo la Zoantidi: Mpango Uanze na Sumu, Taa Baadaye

Mtu anayetaka kuanzisha tangi dogo la maji ya chumvi kwa ajili ya aina moja tu ya tumbawe hushauriwa mara nyingi achague zoantidi, na ushauri huo ni mzuri. Zoantidi ni wanyama wadogo wenye umbo la kitufe kilichozungukwa na minyiri mifupi, wanaoishi kwa makundi juu ya mwamba huku polipu zao, yaani mnyama mmojammoja wa kundi, zikiwa zimeungana kwa utando wa nyama. Hawajengi kiunzi cha chokaa kama matumbawe magumu, kwa hiyo hawapunguzi kalisiamu ya majini kwa kasi, nao huvumilia mabadiliko madogo ambayo yangeua akropora, tumbawe gumu lililo dhaifu. Katika mwambao wa Afrika Mashariki hupatikana hata kwenye miamba inayobaki wazi maji yanapokupwa. Spishi mojawapo, Zoanthus sansibaricus, ilielezwa kisayansi mwaka 1900 na Oskar Carlgren wa Sweden, na hukaa hadi kwenye bahari ya kusini mwa Japani.

Hata hivyo, miongozo mingi ya kufuga viumbe hawa huanza na taa na pampu, kisha hutaja sumu kwa sentensi moja mwishoni. Kwa maoni yangu, mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Baadhi ya zoantidi, hasa wa jenasi Palythoa, hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazopatikana kwa viumbe hai. Wanasayansi wa Hawaii waliitenga mwaka 1971 kutoka kwa Palythoa wa kisiwa cha Maui. Kila seli ya mwili wetu ina pampu inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Palitoksini hujishikiza kwenye pampu hiyo na kuigeuza tundu lililo wazi, madini yakapita ovyo, na misuli, moyo na mapafu vikaathirika. Kuichemsha hakuiharibu, bali husaidia kuirusha hewani pamoja na mvuke. Mwaka 2018, katika kijiji cha Steventon nchini Uingereza, watu wa familia moja na baadhi ya waokoaji walipelekwa hospitali baada ya mwamba wenye matumbawe ya aina hii kutolewa majini na kusuguliwa nyumbani.

Vipimo vya matumbawe yaliyonunuliwa katika maduka ya Marekani, vilivyochapishwa mwaka 2011, vilionyesha kwamba Palythoa fulani walikuwa na sumu nyingi mno, ilhali Zoanthus walikuwa na kidogo sana au hawakuwa nayo kabisa. Palythoa kwa kawaida wana polipu kubwa zaidi na huingiza chembe za mchanga katika nyama yao, lakini macho peke yake hayatoshi kuwatofautisha kwa uhakika. Mfugaji mwangalifu huchagua Zoanthus, kisha huwashughulikia wote kana kwamba wana sumu.

Kutokana na hayo, swali la kwanza la mpango ni namna ya kupanga mawe ili isije ikalazimu kukwangua chochote. Zoantidi husambaa kwa utando unaotambaa juu ya mwamba, na ukijenga ukuta mmoja mkubwa wa mawe, baada ya muda kundi lenye nguvu litafunika mengine, nawe utajikuta na kisu mkononi. Ni bora kuweka mawe madogo manne au matano, kila moja likiwa peke yake juu ya mchanga na kila kundi likiwa na jiwe lake. Jiwe linalojaa hutolewa zima, likiwa limezama ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, na kupewa mfugaji mwingine anayejua anachopokea. Achaneni na mawe yaliyookotwa ufukweni, kwa kuwa huja na wageni wasiojulikana.

Tangi la lita 60 linatosha, ila udogo wake una gharama. Maji yakipungua lita 1 kwa siku kwa kuvukizwa, chumvi hubaki; katika siku 3 kiwango cha gramu 35 kwa lita hupanda kukaribia 37. Kwa hiyo maji yanayoongezwa kila siku ni maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa kwa osmosisi (kusukumwa kupitia utando unaozuia madini), kamwe si ya chumvi, na anayesafiri mara kwa mara anahitaji chombo cha kuongeza maji chenyewe. Kabla ya kuweka mnyama yeyote, tangi lizungushe maji kwa wiki 4 hadi 6, mpaka bakteria waweze kubadili amonia, taka yenye sumu ya wanyama, kuwa naitraiti na hatimaye naitreti. Joto liwe nyuzi 25 hadi 26 za Selsiasi. Usifukuzie maji yasiyo na naitreti kabisa, kwa sababu zoantidi hunyauka katika maji yaliyosafishwa kupita kiasi. Miligramu 5 hadi 10 kwa lita zinawafaa. Mwanga wa wastani na mkondo wa wastani vinatosha.

Nunueni vipande vilivyokuzwa na wafugaji, si makundi yaliyong'olewa baharini. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, lakini zoantidi hawamo, hivyo dhamiri ya mnunuzi ina uzito zaidi hapa. Kipande kipya kikae wiki kadhaa kwenye chombo cha pembeni, kwa maana kuna konokono wasio na gamba wanaokula zoantidi huku wakifanana nao rangi.

Kazi yoyote ndani ya tangi ifanywe kwa glavu na miwani ya kinga, watoto na wanyama wa nyumbani wakiwa mbali. Vifaa vilivyogusa kundi, na jiwe lililokufa, viloweshwe nusu saa nje ya nyumba katika mchanganyiko wa sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia kwa sehemu 9 za maji, bila kuongeza siki wala asidi yoyote, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi hatari. Ukihisi ladha chungu au ya chuma mdomoni, homa, kutetemeka, kikohozi, kifua kubana, au jicho kuwaka baada ya kugusa tangi, ondokeni nyote chumbani, jicho lioshwe kwa maji mengi, na mwende hospitali siku hiyohiyo. Sumu hii haina dawa mahususi ya kuiondoa, na dalili zake hufanana na mafua makali. Kwa hiyo mtajieni daktari palitoksini kwa jina lake, na mwambieni saa mliyogusa matumbawe.