Oili ya 2T ni ya mashine ya boti, Boxer yako iache

Jumanne dogo mmoja wa boda kanisukumia Boxer kutoka Gungu mpaka hapa Mwanga, jua la saa saba, haiwaki kabisa. Nafungua plagi, inatoka nyeusi, imelowa, ina utando kama lami. Namuuliza umeweka nini kwenye tenki? Anajibu bila wasiwasi, "Fundi, mi huwa naweka 2T kidogo, inalainisha injini." 2T ni ile oili ya kuchanganywa na petroli ya injini za tustroki. Huyu ni wa nne mwezi huu jamani. Nimeshalielezea hili kijiweni, nimelielezea gereji, nimelielezea msibani mpaka nikaambiwa ninyamaze, sasa naliandika ili mtu akija tena nimpe simu asome mwenyewe mi niendelee na kazi.

Kwa Kigoma najua kabisa hii imani imetokea wapi, imetokea ziwani. Nenda Kibirizi asubuhi boti za dagaa zikiwa zinarudi, angalia mashine zilizofungwa nyuma, nyingi ni tustroki (injini za mipigo miwili), zile Yamaha 40 ambazo kila mtu anazijua, na kila mwenye boti ana dumu la petroli ambalo tayari limeshachanganywa na oili. Sasa nyumba yenye boti mara nyingi ndo hiyohiyo yenye pikipiki. Zikibaki lita tatu kwenye dumu nani atazimwaga? Zinaingia kwenye Boxer, inawaka, inatembea, mtu anarudi jioni anasema mbona leo imekuwa laini, kesho anamwambia mwenzake, keshokutwa kijiwe kizima kinanunua vichupa.

Tatizo ni moja tu na ukilielewa hili mengine yote yanajielewa. Tustroki haina oili chini. Hamna sampu iliyojazwa oili, hamna pampu ya kuirusha. Petroli na hewa vinapita kwanza huku chini kwenye krenki, vinazunguka pale penye beringi, halafu ndo vinapanda juu ya pistoni kuungua. Kwa hiyo oili lazima isafiri ndani ya petroli, haina usafiri mwingine. (Zipo zenye tenki dogo la oili pembeni zinazojichanganyia zenyewe, ila njia ni ileile.) Ndo maana unaambiwa moja kwa hamsini, yaani kwa dumu la lita 20 unaweka mililita 400.

Fostroki (mipigo minne) kama Boxer yako petroli yake haipiti huko! Inatoka kabureta, inaingia kwa valvu, inaungua juu ya pistoni, inatoka ekzosi, basi. Haishuki krenki. Haigusi kamshafti, haigusi cheni ya taimingi, haigusi gia wala klachi. Na ukiniuliza pikipiki zinazoletwa hapa zimekufa nini, ni hivyohivyo: kamshafti imelika, koni rodi inagonga, cheni ya taimingi inalia kama cherehani. Vyote hivyo vinaishi kwa oili iliyoko chini, ile 20W-50 ambayo mtu hajaibadilisha tangu masika. Ya dogo wa Jumanne nilivyoifungua chini ilitoka oili haifiki hata nusu ya inayotakiwa, nyeusi tii, inanuka kuungua. Kila wiki ana hela ya kichupa cha 2T, hela ya oili ya injini hana. Hili ndo linaniuma kuliko yote, maana ni hela ileile, mtu anampaka mafuta mgonjwa kwenye nywele wakati kidonda kiko mguuni.

Hebu tupige hesabu. Tenki tuseme lina lita 11 na yeye anamimina mililita 100. Kila lita inabeba mililita 9 za oili. Boda inayokwenda kilomita 50 kwa lita inatumia zile mililita 9 kwa kilomita 50 nzima, na nyingi yake inaungua pamoja na petroli au inatoka na moshi. Wakati huo kule chini kuna lita nzima inayorushwa na pampu muda wote injini inapozunguka. Ipi inalainisha?

Haya, sasa tuje kwenye lile neno ninaloambiwa kila siku, "lakini fundi mi nimeona tofauti kwa macho yangu." Hapa nataka kwenda taratibu kwa sababu simwiti mtu mwongo. Kuna watu kweli wanasikia tofauti na mi naamini wanaisikia.

Sisi mafundi tuna kipimo cha zamani sana. Pikipiki ikiwa haina nguvu, unapima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), ukikuta iko chini unadondoshea kijiko cha oili kwenye tundu la plagi unapima tena. Ikipanda, ujue ringi za pistoni zimekwisha, maana oili imeziba ile nafasi kati ya ringi na silinda kwa muda. Unaelewa ninapoelekea? Mtu mwenye injini iliyochoka akiweka 2T nyingi, inawezekana kabisa kautando kidogo kakabaki kwenye silinda, kompresheni ikapanda kidogo na akasikia inavuta. Hilo mi silikatai, na hapa vitabu vinapita haraka mno, vinasema tu "haisaidii" vinafunga. Nimewahi kuona injini mbili tatu zilizochoka ambazo wenyewe waliapa zimeamka, na nikiendesha nikasikia kweli kuna kitu. Lakini ndugu yangu, kama 2T imeifanya injini yako ivute, basi imekupa majibu ya kipimo, imekuambia ringi zimekufa. Wewe unafurahia majibu ya maabara badala ya kutafuta dawa.

Ya pili ni kabureta. Oili ikiwemo ndani ya petroli inachukua nafasi ya petroli, na mchanganyiko unakuwa mzito kidogo kupita kwenye jeti (tundu dogo la petroli la kabureta), kwa hiyo petroli halisi inayoingia inapungua kidogo na hewa inabaki ileile. Kama kabureta yako ilikuwa inamwaga petroli nyingi kupita kiasi, na hizi boda nyingi ndivyo zilivyo kwa sababu kila fundi wa njiani anazungusha skrubu kwa kubahatisha, basi ukipunguza petroli utasikia wepesi. Skrubu ingezungushwa vizuri ungeupata wepesi uleule bure. Na kama kabureta ilikuwa sawa tayari, sasa umeifanya iwe na petroli kidogo kuliko inavyotaka, injini inapata joto zaidi, na joto hilo unalipata palepale pabaya, unapanda kutoka ziwani kuja Mwanga umepiga mishikaki, upepo wa kuipoza injini haupo kwa sababu uko gia ya pili.

Halafu kuna wale wanaoweka 2T siku ileile waliyobadilisha plagi na kusafisha kichujio cha hewa. Wanaisifia 2T.

Watu wazima nao wana ya kwao, "petroli ya siku hizi kavu, zamani ilikuwa na mafuta." Shikamooni wazee wangu, mko karibu na ukweli ila sio penyewe. Petroli ya zamani ilikuwa na risasi, na nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Ile risasi pamoja na sumu yake yote ilikuwa inalinda kiti cha valvu ya ekzosi kwenye injini za zamani ambazo viti vyake vilikuwa laini. 2T haifanyi kazi ya risasi. Na injini za sasa viti vyake ni vigumu, havihitaji hiyo risasi.

Madhara sitaki kuwatisha kwa uongo. Kwa kiasi kidogo injini haitapasuka kesho. Oili inashusha oktani (uwezo wa petroli kutojiwakia kabla ya wakati), ila kwa moja kwa mia inashusha kidogo tu. Kinachokuja ni taratibu, kaboni juu ya pistoni, kaboni kwenye valvu, plagi inaanza kumisi, kaboni ikiwa nyekundu kwa joto inawasha petroli kabla ya plagi kupiga, unasikia injini inagonga mlimani. Kwenye gari za EFI (zinazopuliza petroli kwa nozeli badala ya kabureta), akina IST na Noah, sina cha kujadili, usiweke kabisa. Pale kuna oksijeni sensa na masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, vyote vinachafuka, na bei yake unaijua au utaijua.

Dizeli ndo sehemu ambayo sitoi hukumu haraka. Landcruiser za zamani za injini ya 1HZ zina pampu ambayo inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine ndani. Na tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 katika milioni, na kweli namna ya kuondoa salfa inaondoa pia ule utelezi wa asili wa dizeli. Kwa hiyo dereva wa masafa ya Kasulu akiniambia anaweka 2T kwenye dizeli ana hoja ya maana, tofauti na dogo wa Boxer. Ila utelezi unarudishwa kwa dawa kabla dizeli haijauzwa, hatuachiwi sisi tulainishe na chupa. Gari moja iliwahi kutulia kelele ya pampu baada ya mwenyewe kuweka, nilisikia kwa masikio yangu, lakini siku hiyohiyo tulibadilisha kichujio na kutoa maji chini ya separeta, sasa niseme kimesaidia nini? Mi kwa pampu ya zamani sigombani na mtu. Komoni reli (dizeli za kisasa za presha kubwa), hapana, presha ya zaidi ya baa elfu moja na nozeli zenye matundu kama ya nywele sio mahali pa kujaribia. Na wote mjue dizeli inayokaa kwenye mapipa huku kwetu inachukua maji, maji ndo yanaua pampu, na 2T haitoi maji.

Kabla sijafunga, enyi wenye boti, kuna kosa la upande wa pili na hili ni baya zaidi. Nyumba yenye madumu mawili yanayofanana, moja la boda na moja la mashine, kuna siku mtoto anabeba lile la petroli tupu anapeleka mwaloni. Tustroki ikila petroli tupu inaanza kupata joto, sauti inakuwa kavu, halafu pistoni inanata kwenye silinda na mashine inakufa, na wewe uko mbali na Kibirizi usiku na upepo umeanza. Wengine wanakosa 2T wanaweka oili ya gari namba 40 wakidhani oili ni oili. Sio. Ile haikutengenezwa iungue, inaacha majivu, inaua plagi. Na dukani angalia chupa, ya mashine inayopozwa kwa maji imeandikwa TC-W3, ya msumeno wa mbao na pikipiki za tustroki inaandikwa JASO FC au FD, muuzaji atakuambia zote ni 2T tu.

Dumu la mchanganyiko lipake rangi nyekundu shingoni, yote mzunguko. Dogo wa Jumanne nimemsafishia kabureta, nimemwekea plagi mpya na oili chini, na kile kichupa kilichobaki nusu nimemwambia akipeleke kwa kaka yake Kibirizi.