Duka la Magemu Likifungwa: Kinachobaki na Kinachopotea

Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilisimamisha mauzo kwenye eShop, duka lake la magemu la mtandaoni, kwa mashine zake za kuchezea za 3DS na Wii U. Kesho yake, aliyekuwa amenunua gemu humo aliweza bado kuingia, kuliona kwenye orodha yake na kulipakua upya. Wengi huduwaa wakisikia hivyo, maana hudhani duka la mtandaoni hufungwa kama kibanda: kufuli linapigwa, mambo yameisha. Ukweli ni kwamba lina milango kadhaa, na kila mlango hufungwa kwa siku yake.

Mlango wa pesa ndio hutangulia. Kwenye eShop hiyo, kadi za benki hazikukubaliwa tena tangu 23 Mei 2022, na kadi za kuongezea salio tangu 29 Agosti 2022, yaani miezi saba kabla ya mauzo kukoma. Namba za kupakulia gemu zilipokelewa hadi 3 Aprili 2023; aliyekuwa ameiweka ya kwake akiba akaikumbuka baada ya hapo, imempotea. Salio lililobaki liliweza kuunganishwa na akaunti ya Nintendo inayotumika kwenye Switch, mashine yake ya baadaye, hadi Machi 2024. Kucheza na wengine mtandaoni kuliisha Aprili 2024. Kupakua upya kumeachwa wazi, ila bila tarehe ya mwisho iliyotajwa, na hapo ndipo watu hulala. Duka la Wii, mashine iliyotangulia Wii U, lilifungwa Januari 2019, likaendelea kuruhusu kupakua upya, kisha Machi 2022 likazimika na kubaki hivyo kwa miezi kadhaa kabla ya kurudi. Aliyeharibikiwa na mashine katika kipindi hicho alikosa pa kukimbilia.

Kwa hiyo ukiwa na 3DS, pakua kila ulichonunua sasa. Fungua eShop, gusa menyu, nenda kwenye mipangilio (Settings / Other) utafute orodha ya programu unazoweza kupakua upya. Usisahau masasisho na nyongeza za kila gemu, hata kwa magemu ya kaseti: kaseti hubeba toleo lililotoka kiwandani tu, na marekebisho yote yaliyofuata yako kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni. 3DS huhesabu nafasi kwa bloku, na bloku 8 ni MB 1, kwa hiyo gemu la bloku 16,384 linataka GB 2. Menyu yake ina kikomo cha programu 300, na zile za zamani za DSi, mashine iliyotangulia 3DS, haziwezi kuzidi 40 kwenye kumbukumbu ya ndani.

Kadi ya SD, ile kadi ndogo ya kumbukumbu inayobeba magemu uliyopakua, ndiyo huleta balaa kubwa. Mashine inakubali rasmi hadi GB 32. Kadi kubwa zaidi huja zikiwa na mfumo wa kupanga faili uitwao exFAT, ambao 3DS haiusomi. Ukitumia kadi hizo, lazima uzifomati kwa mfumo wa FAT32 kwenye kompyuta kwanza. Kabla ya kuamini kadi yoyote, ijaribu kwa programu ya kupima: H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, huijaza kadi yote kisha kuisoma tena. Kadi feki iliyoandikwa GB 32 huku ndani ina GB 4 itapokea magemu yako bila kulalamika, na utagundua hasara siku unayoyafungua. Ukihamia kadi mpya, nakili folda ya «Nintendo 3DS» yote kama ilivyo, bila kubadilisha jina la chochote kilichomo.

Nakala hiyo, hata hivyo, inafunguka kwenye mashine ileile tu. Data iliyo kwenye kadi imefungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya 3DS yenyewe. Ukifomati kumbukumbu ya mashine, ufunguo hubadilika, na gigabaiti zote zilizo kwenye kadi hazisomeki tena. Kuhamishia kila kitu kwenye 3DS nyingine kunahitaji mashine zote mbili ziwe zinawaka na ziwe zimetengenezwa kwa soko la ukanda mmoja wa dunia. Ndiyo maana nashauri uitunze mashine kama unavyoitunza kadi: ichaji angalau kila miezi 6 hata kama huichezi, na ukiona kifuniko cha betri kimetuna, itoe betri hiyo siku hiyohiyo.

Yapo magemu ambayo hata mashine nzima haiwezi kuyaokoa. The Crew, gemu la magari la kampuni ya Ubisoft, ilitegemea seva hata kwa anayecheza peke yake. Seva zilipozimwa 31 Machi 2024, diski za dukani nazo zilikuwa hazichezeki. Kwa Google Stadia, huduma ya kucheza moja kwa moja kupitia mtandao iliyofungwa 18 Januari 2023, mchezaji hakuwa na faili hata moja. Kilichowafaa wanunuzi ni kwamba Google iliwarudishia pesa za magemu na vifaa walivyonunua kwake. Kwa maoni yangu hicho ndicho kiwango cha haki, na kampuni nyingi hazikifikii. Sheria ya California iliyoanza kutumika Januari 2025 inamtaka muuzaji aseme wazi kwamba unanunua leseni, lakini haimlazimishi kuiacha hai.

Kwa wachezaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Wengi hufungua akaunti ya PlayStation ya Marekani au Uingereza na kuijaza kwa kadi za zawadi. Salio hilo haliwezi kuhamia akaunti ya nchi nyingine, kwa hiyo usiliache likae. Hifadhi barua pepe uliyofungulia akaunti, nchi uliyoichagua na risiti za ununuzi. Ndivyo vitu utakavyoulizwa ukipoteza akaunti.

Kwenye kompyuta, nakala za akiba zinazotengenezwa na Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, huhitaji Steam yenyewe ili zirudishwe. GOG, duka jingine la aina hiyo, hukupa faili za kusakinisha zisizo na kufuli. Gemu kubwa hukatwa vipande: faili moja ya .exe na kadhaa za .bin, na zote lazima zikae folda moja; kikikosekana kipande kimoja usakinishaji hukwama katikati. Ukimaliza kupakua, zima Wi-Fi, sakinisha kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwa na gemu hilo, lifungue, ucheze hadi uhifadhi mara moja. Likikubali, nakili folda hiyo kwenye diski mbili tofauti.