"Hiyo ni fotoshopu tu": tunayoambizana kuhusu picha za darubini za anga za juu, na ukweli wake

Nina steshenari pale Mwanga, Kigoma mjini, na mwezi uliopita mwalimu mmoja wa sekondari alikuja na flashi akitaka nimprintie picha nne za A3 za kubandika darasani, mojawapo zile nguzo tatu za vumbi zilizopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995. Printa inatoa karatasi ya kwanza tu, baba mmoja aliyekuwa anasubiri kopi ya kitambulisho akaichungulia akasema kwa sauti, "Mwalimu, unawadanganya watoto wa watu, hiyo ni fotoshopu tu." Na wengine wawili pale wakaitikia eti ndiyo, kompyuta siku hizi inafanya kila kitu. Mwalimu akakunja picha zake akaondoka kimya. Ile kitu imenikaa rohoni mpaka leo maana zile picha ni za kweli na kuna watu wametumia maisha yao kuzipata, kwa hiyo acha niyaandike yote ninayoyasikia hapa dukani na jinsi yalivyo kiukweli.

"Rangi wameweka wenyewe"

Naanza na hili kwa sababu ndilo zito, na lina nusu ya ukweli ndani yake. Kamera ya Hubble haioni rangi kabisa, chipu yake inapima tu mwanga umekuwa mwingi au mdogo, picha inatoka ya kijivukijivu kama zile za zamani za babu zetu. Ila mbele ya chipu wanaweka filta, kipande cha kioo kinachopitisha aina moja tu ya mwanga. Zile nguzo zilipigwa hivyo, filta moja ya mwanga unaotoka kwenye salfa, moja ya hidrojeni, moja ya oksijeni, halafu zile picha za kijivu wakazipa rangi, salfa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni bluu, wakazilaza moja juu ya nyingine. Sasa hidrojeni ile kwa jicho letu ni nyekundu, na salfa nayo ni nyekundu, zinakaribiana mno, ukiziacha kama zilivyo huwezi kujua ipi ni ipi. Kwa hiyo ndiyo, ile kijani usingeiona kwa macho hata ungefika kule, hilo nalikubali wazi. Lakini kila mkunjo wa lile vumbi, kila nyota, kila sehemu yenye mwanga mkali au hafifu, vyote vimepimwa. Rangi inakuonyesha gesi gani iko wapi. Imepangwa, haijabuniwa.

Na mimi mtu wa printa hili naliona kila siku. Ndani ya printa kuna wino wa aina nne, mweusi, bluu, pinki na njano, picha yako ya paspoti inavunjwa kuwa tabaka nne halafu inarudishwa kwenye karatasi, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia sura yake ni feki.

Jumapili ile ile nikakaa na mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, tukajaribu wenyewe. Tulichukua kitenge chenye maua mekundu na majani ya kijani, tukaseti simu ipige picha nyeusi na nyeupe, tukafunika lenzi kwa ile nailoni ya rangi ya kufungia zawadi. Nailoni nyekundu: maua yakatoka karibu meupe, majani yakawa meusi tii. Nailoni ya kijani: ikageuka, majani yakang'aa maua yakazama. Tukapiga na ya bluu. Picha tatu, zote za kijivu, ukiziangalia moja moja hujui hata ni kitenge gani. Tukaziingiza kwenye kompyuta, kila moja tukaipa rangi ya nailoni yake, tukazilaza pamoja, na kitenge cha mama yake kikarudi pale kwenye skrini na rangi zake, dogo akabaki mdomo wazi. Ndivyo inavyofanyika, ila wao filta zao ni za ustadi mkubwa zaidi.

Kwa James Webb, darubini nyingine mpya zaidi ya anga za juu, hadithi inasogea kidogo kwa sababu inatazama hasa mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni hata kidogo. Usidhani ni kitu cha ajabu, rimoti ya TV inatumia huohuo, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu ubonyeze, simu nyingi zitakuonyesha taa ndogo inawaka ambayo kwa macho huioni. Kwa hiyo rangi zote za Webb lazima zitafsiriwe, kawaida mawimbi mafupi wanayapa bluu na marefu nyekundu. Kwa nini wahangaike na mwanga usioonekana? Kwa sababu unapenya kwenye vumbi. Zile nguzo Webb ilizirudia mwaka 2022, na pale ambapo Hubble iliona ukuta wa vumbi, Webb iliona nyota nyingi zilizokuwa zimefichwa nyuma na ndani yake.

"Ile kona nyeusi wanaficha kitu"

Ukiiangalia ile picha ya 1995 utaona kona moja ya juu imekatwa kama ngazi, na kuna watu wanaapa kabisa kwamba kuna kitu kimefutwa. Kamera ya wakati ule ilikuwa na chipu nne, tatu zinapiga eneo pana na ya nne inavuta karibu, inapiga kipande kidogo kwa undani zaidi. Ukitaka kuziunganisha lazima ile ya nne uipunguze ilingane na wenzake, na ikipungua haijazi kona yake, inabaki ngazi. Ndiyo hivyo tu.

"Wamezipeleka juu ili ziwe karibu na nyota"

Hapana. Hubble ilirushwa Aprili 1990 ikawekwa kwenye kimo cha kama kilomita 600, na siku hizi imeshashuka kidogo. Fikiria treni ya kutoka hapa Kigoma kwenda Tabora, ni kama kilomita 400, ongeza kidogo tu ushafika Hubble. Nyota ya karibu zaidi ukiacha jua iko miaka 4.2 ya mwanga, yani kilomita trilioni 40, kwa hiyo hizo mia sita hazisogezi chochote.

Sababu ni hewa. Nenda Katonga asubuhi maji yametulia, simama mpaka magotini, angalia kokoto chini. Ziwa letu linasifika kwa maji maangavu lakini ile kokoto bado inachezacheza, inarefuka, inakatika, na wala si kokoto inayotembea ni maji. Hewa inafanya hivyohivyo kwa nyota, ndo maana tunaona zinametameta. Tena hewa inazuia kabisa sehemu kubwa ya mwanga wa urujuanimno (ultraviolet, nao jicho halioni) na infraredi, haufiki chini hata ujenge darubini kubwa namna gani. Juu kule ni kama umezamisha uso na miwani ya kupigia mbizi.

Webb yenyewe iko mbali zaidi, kilomita milioni 1.5, mara nne ya umbali wa mwezi, na kule ilipelekwa kufuata baridi. Kitu cha moto kinatoa infraredi chenyewe, darubini ikipata joto inajipofusha. Kwa hiyo ina mwavuli wa matabaka 5, ukubwa kama uwanja wa tenisi, upande wa jua ni moto kama nyuzi 85 na upande wa kivulini ni kama 233 chini ya sifuri. Kwa ajili ya huo mwavuli haiwezi kugeuka kutazama jua, wala dunia, wala Zuhura, wala Utaridi, milele. Mtu akikutumia picha ya Zuhura "iliyopigwa na James Webb" mwambie hapo umepigwa.

"Zinaona mpaka bendera ya Wamarekani mwezini"

Hubble imeshapiga mwezi, ni kweli. Lakini kwa umbali ule kitu kidogo kabisa inachoweza kukitenganisha ni kama mita 90. Chukua uwanja wetu wa Lake Tanganyika, magoli, jukwaa, kila kitu, uupeleke mwezini, Hubble itauona kama nukta. Bendera itaonekana wapi hapo? Picha za zile sehemu walizotua zimepigwa na chombo kingine kinachouzunguka mwezi wenyewe kwa karibu, kilirushwa 2009. Na wanaosema Hubble inatuchungulia sisi chini nao wajue kwamba inakimbia kilomita 7 na nusu kila sekunde, ardhi chini yake ingetoka michirizi mitupu.

"Wanabonyeza tu, picha inatoka"

Desemba 1995 walifanya jambo ambalo kila nikilifikiria nasisimka. Walichagua kipande cha anga kinachoonekana kitupu, kidogo mno, kama punje ya mchanga umeishika mkono umenyooka, wakaielekeza Hubble palepale siku 10 mfululizo. Picha 342. Kila dakika 95 darubini inamaliza mzunguko mmoja wa dunia, na kile kipande kilichaguliwa mahali ambapo dunia haizibi mbele, kwa hiyo ni kupiga na kupiga tena, mzunguko baada ya mzunguko. Baadhi ya wataalamu waliona ni kupoteza muda wa darubini. Walipozijumlisha zile picha, pale patupu pakawa na galaksi kama 3,000. Siyo nyota, galaksi, kila moja ina nyota mabilioni. Wavuvi wetu wa dagaa wanalijua hili kwa njia yao, ukitoka kwenye mwanga wa karabai ukatazama ziwani kwenye giza huoni kitu, kaa, tulia, utaanza kuona mitumbwi.

"Hubble ilishakufa, siku hizi ni Webb"

Zote zinafanya kazi. Hubble imezeeka kweli, tangu 2024 inaendeshwa kwa kutumia jairo moja (kifaa cha kuiongoza igeuke na kutulia) badala ya tatu, ila inaona urujuanimno ambao Webb haiuoni kabisa. Na imeshapona mambo makubwa: kioo chake cha mita 2.4 kilisuguliwa vibaya ukingoni kwa maikromita 2 na kidogo, nyembamba kuliko unywele mara nyingi, na picha zote zikawa na ukungu mpaka wanaanga walipopanda Desemba 1993 kuifungia vifaa vya kusahihisha. Ukitaka kujua picha ni ya nani angalia nyota zinazowaka sana, zenye miale minne ni Hubble, zenye miale mikubwa sita na midogo miwili ni Webb. Ile miale haitoki kwenye nyota, inatokana na umbo la kioo na vyuma vinavyoshikilia kioo cha mbele.

"Mambo ya wazungu hayo"

Hili linaniuma kuliko yote. Wazee wetu walikuwa na Kilimia, kale kakundi ka nyota unakokaona jioni mvua zikiwa zimeanza, jina lenyewe linatokana na kulima, na msemo tunao, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sasa sikiliza. Kilimia hichohicho kiliwahi kuwagombanisha wanaastronomia miaka mingi. Setilaiti ya Ulaya inayoitwa Hipparcos ilipima umbali wake ikapata kama miaka 390 ya mwanga, wengine wakasema haiwezekani, kwa umbali huo nyota zake zinakuwa hafifu kuliko inavyotakiwa na hesabu zote za nyota zinayumba. Hubble ikaingia kati. Nyosha kidole, funga jicho moja kisha jingine, utaona kinaruka, na ukikisogeza mbali kinaruka kidogo zaidi. Ndivyo walivyozipima nyota tatu za Kilimia, dunia ikiwa upande huu wa jua na miezi sita baadaye upande ule. Wakapata kama 440. Baadaye darubini ya Gaia ikapima na kukubaliana na hiyo. Maana yake mwanga wa Kilimia utakaouona ulitoka kule kabla hata Fort Jesus ya Mombasa haijaanza kujengwa mwaka 1593.

Na hizo data si za kufungiwa. Nyingi ndani ya mwaka mmoja zinawekwa wazi kwenye hazina iliyoko Baltimore, Marekani, bure, hakuna anayekuuliza unatoka nchi gani, bando tu. Hata kuomba muda wa kutumia darubini mtu wa nchi yoyote anaruhusiwa, na wanaochagua maombi wanasoma bila kuona majina. Yule mwalimu nilimtafuta nikampelekea picha tatu za kijivu za zile nguzo, kila moja na filta yake, nimeziprinti bure, azibandike pembeni ya ile ya rangi.

Halafu Hubble yenyewe unaiona kwa macho. Njia yake inafika nyuzi 28 na nusu kaskazini na kusini mwa ikweta, sisi tuko chini ya nyuzi 5 kusini, kwa hiyo inatupitia juu kabisa. Kuna programu za simu zinakupa saa na dakika. Juzi tulisimama Kibirizi mimi na dogo, giza limeingia, mwezi haupo, mitumbwi ya dagaa ishatandaza taa ziwani, tukaiona inatokea upande wa Kongo, nukta nyeupe haiwakiwaki, haina sauti, ikapanda juu ya ziwa, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikaelekea mashariki njia ileile ya treni. Treni inakesha usiku kucha kufika Tabora. Yenyewe haimalizi dakika moja, na kabla haijafika kule ikafifia ikapotea angani katikati, imeingia kwenye kivuli cha dunia.