Je, wajua kwa nini albamu ya mama na binti ya 1984 inasikika ya kale na ya kisasa kwa pamoja?

Sikiliza "Why Not Me", wimbo uliobeba jina la albamu hiyo ya The Judds, mama na binti waimbaji wa kantri wa Marekani, tangu sekunde ya kwanza. Kinachokupokea ni gitaa kavu, lisilo la umeme, lenye mwendo wa bluzi. Halafu Wynonna anaingia, sauti nzito kuliko umri wake wa miaka 20, na kiitikio kikifika mama yake, Naomi, anajiunga naye. Ala zenyewe ni zile wazee wa milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, wangezitambua, lakini hakuna anayedhani wimbo huu ulitungwa enzi za wazee hao. Inakuwaje?

Chanzo ni nyumbani. Katikati ya miaka ya 1970 Naomi, aliyekuwa akisomea uuguzi huku akilea mabinti wawili peke yake, aliishi nao Morrill, kijiji cha Kentucky, katika nyumba isiyo na televisheni wala simu. Jioni ilikuwa ya redio, gitaa na kuimba. Santuri moja iliwafunza mengi, ile ya Hazel Dickens na Alice Gerrard, wanawake wawili walioimba nyimbo za milimani bila kuzipamba. Baadaye familia ilihamia California, na huko Wynonna akazama kwa Bonnie Raitt, mwimbaji wa bluzi na roki. Mle ndani ya msichana mmoja tayari kulikuwa na vyote viwili, ukale na usasa.

Walipofika Nashville, kitovu cha muziki wa kantri, nyimbo nyingi za kantri zilikuwa zimejaa fidla za okestra na vinanda, zikiwafukuzia wasikilizaji wa pop. Naomi akamuuguza binti wa prodyuza Brent Maher baada ya ajali ya gari, kisha akampa Maher kaseti waliyoirekodi nyumbani. Mwaka 1983 waliimba mbele ya wakuu wa kampuni ya muziki ya RCA, sauti mbili na gitaa, wakapewa mkataba.

Kwangu, uamuzi mkubwa kuliko yote ni ule Maher alioufanya studioni. Hakuwafunika. Aliliacha gitaa kavu la Don Potter mbele kabisa, na usasa akautafuta kwenye mdundo. Besi na ngoma zinasukuma kama roki, ila kwa sauti ya chini kiasi kwamba unasikia pumzi ya mwimbaji. Ndani ya albamu hiyo hiyo kuna "Endless Sleep", wimbo wa 1958 wa rokabili, mchanganyiko wa roki na kantri, na haujitengi na wenzake. Nyimbo nne za albamu zilishika namba moja kwenye chati ya kantri ya Marekani.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna mtambo unaolitengeneza. Wamarekani huliita upatanifu wa damu. Watu waliokulia nyumba moja hutamka irabu kwa namna moja, na mara nyingi hata maumbile ya koo na kinywa yanafanana, ndiyo maana sauti zao zinashikana. Aliyewahi kuimba kwaya na ndugu yake analijua hili. Rudi kwenye kiitikio, umfuate Naomi peke yake: Wynonna anapolivuta neno, mama analivuta naye, na anapolikata, wanalikata pamoja.