Wazee wa Ayalandi ndani ya nta, santuri na kanda: jinsi sauti zao zinavyookolewa

Kati ya mwaka 1928 na 1931 mtaalamu wa Kijerumani aliyeitwa Wilhelm Doegen, pamoja na msaidizi wake, waliitwa na serikali ya Ayalandi, taifa lililokuwa bado changa, wawarekodi wazee waliokuwa wakisema Kiayalandi tangu utotoni. Walipata wasemaji 136 kutoka kaunti 17. Wazee hao walisimulia hadithi, wakaimba, wakasali. Wengi waliombwa pia wasimulie mfano wa mwana mpotevu, ili wanaisimu waweze kulinganisha lahaja zao kwa habari ileile moja. Leo hii huko Tyrone, Antrim na Louth hakuna tena mtu aliyepokea lahaja ya kwao kutoka kwa mama yake. Anayetaka kuisikia hana pa kwenda ila kwenye rekodi za zamani kama santuri zile.

Kwa bahati njema, santuri za Doegen ni za shelaki, utomvu wa wadudu wa Asia. Ni aina ileile iliyotumika huko Bombay kumrekodi mwimbaji Siti binti Saad wa Zanzibar mwaka huohuo wa 1928. Shelaki huvunjika kama sahani ikianguka, lakini ukiiweka pakavu haiharibiki upesi. Royal Irish Academy ya Dublin imezihamishia santuri hizo kwenye mfumo wa kidijitali na kuziweka kwenye mtandao pamoja na maelezo ya wasemaji, na yeyote anaweza kuzisikiliza bila malipo. Kama rekodi zote za Kiayalandi zingekuwa na bahati hiyo, kazi yetu sisi wahifadhi wa sauti ingekuwa nyepesi sana.

Tume ya Masimulizi ya Ayalandi ilianzishwa mwaka 1935. Wakusanyaji wake walikwenda vijijini wakiwa na Ediphone, mashine nzito ya ofisini iliyokusudiwa kurekodi barua za wakubwa ili makarani wazipige chapa. Ilirekodi kwenye silinda za nta zilizochukua dakika chache tu kila moja. Mwaka 1938, huko Carna upande wa magharibi, msimulizi Éamon a Búrc alisimulia ngano moja kwa jioni tatu mfululizo. Ilipoandikwa ilizidi maneno 30,000. Hebu fikiri kazi ya mkusanyaji: kubadili silinda kila mara, kumwomba mzee asubiri, kisha kurudi nyumbani na kuandika yote kwa mkono, neno kwa neno.

Baada ya kuandikwa, silinda nyingi zilikwanguliwa na kutumika tena. Nta ilikuwa ghali, na fedha za Tume zilikuwa kidogo. Siwalaumu watu wale, kwa sababu waliacha maelfu ya kurasa ambazo leo zimo katika Mkusanyo wa Taifa wa Masimulizi kwenye Chuo Kikuu cha Dublin (UCD), na mwaka 2017 UNESCO iliuingiza mkusanyo huo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Lakini karatasi haitwambii msimulizi alishusha sauti wapi, alivuta pumzi wapi, wala irabu zake zilitamkwaje. Ndiyo maana silinda chache zilizonusurika tunazishika kwa ncha za vidole, tukizibeba kwa ndani ili jasho la mkono lisiguse mifereji ya sauti. Nta hushikwa na ukungu, na ukungu hula nta. Mahali palipoliwa hapana sauti tena, na hakuna kompyuta itakayoirudisha.

Baada ya nta zikaja santuri za lakeri, ambazo kwa mtazamo wangu ndizo zinazohitaji kuokolewa haraka kuliko zote. Ni bamba la alumini, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mara nyingi la kioo, lililopakwa utando mwembamba ambao sindano iliukata palepale msemaji alipokuwa akizungumza. Aprili 1948 Tume ilimtuma Kevin Danaher kwenye Kisiwa cha Man akiwa na gari lenye mashine ya namna hiyo, awarekodi wasemaji wa mwisho wa Kimanksi, lugha ndugu ya Kiayalandi. Msukumo ulitoka kwa Éamon de Valera, aliyekitembelea kisiwa hicho mwaka 1947 akiwa waziri mkuu wa Ayalandi. Mmoja wa waliorekodiwa, mvuvi Ned Maddrell, alifariki mwaka 1974, na ndiye anayehesabiwa kuwa msemaji wa asili wa mwisho.

Utando wa santuri hizo ulilainishwa kwa mafuta ya nyonyo. Miaka inavyopita, mafuta hayo hujitenga na kutokeza juu kama unga mweupe wenye utelezi. Utando uliopoteza mafuta hukauka na kusinyaa, ilhali bamba la chini halisinyai, basi unapasuka na kubanduka vipande vipande. Ukiinamisha santuri ya namna hii chini ya taa, unaona kwanza mistari myembamba kama nywele inayokatiza mifereji. Hiyo ni dalili kwamba tunaweza kuicheza mara moja tu, pengine mbili. Unga mweupe huoshwa kwa maji yaliyosafishwa yenye sabuni maalumu kidogo. Spiriti hairuhusiwi hata tone, kwa maana inayeyusha utando wenyewe pamoja na sauti.

Kisha tunachagua sindano. Mifereji ya santuri za zamani ni mipana kuliko ya santuri za plastiki zilizokuja baadaye, na imelika sehemu tofauti. Sindano nyembamba mno hutambaa chini kwenye vumbi. Iliyo pana kidogo huweza kugusa ukuta wa mfereji pale ambapo gramafoni za zamani hazikufika, na hapo ghafla mzee anasikika waziwazi.

La mwendo ni zito zaidi. Watu hudhani santuri zote za zamani huzunguka mara 78 kwa dakika. La hasha. Tofauti ya mizunguko minne au mitano tu hupandisha au kushusha sauti karibu nusu toni. Bibi wa miaka 80 anageuka msichana, wimbo unahama ufunguo, na mwanaisimu anayepima irabu anapata vipimo vya mtu ambaye hakuwahi kuishi. Wataalamu wa Vienna na Berlin walikuwa na desturi nzuri ya kupuliza kipenga cha noti moja kwenye rekodi, ili wajao wapate pa kupimia. Rekodi zilizofanywa kwa umeme wa gridi hutusaidia kwa mvumo wake wa hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde). Lakini vijiji vya Ayalandi vilianza kuunganishiwa umeme mwaka 1946, na palipotumika betri mvumo huo haupo. Hapo hatuna budi kumwita anayeijua lahaja hiyo akae nasi asikilize.

Faili mama tunalihifadhi kwa biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde, bila kulibana, na bila kusafisha chochote. Mikwaruzo yote inabaki. Kelele huondolewa kwenye nakala ya kusikiliza tu. Programu za kusafisha sauti haziwezi kupambanua vizuri mkwaruzo na konsonanti za mkwaruzo kama s na f, na Kiayalandi kina konsonanti nyembamba na nene (ulimi ukiinuliwa mbele au nyuma ya kinywa) ambazo tofauti yake ni ndogo sana sikioni lakini hubadili maana. Nimesikia nakala zilizosafishwa hadi zikang'aa, zikiwa zimepoteza kile kilichofanya zirekodiwe.

Faili lisilo na maelezo nalo ni mzigo. Katika maeneo ya Kiayalandi mtu huwa na jina la Kiayalandi, jina la Kiingereza kwenye vyeti vya serikali, na jina la mtaani linalotaja baba na babu yake, kama watu wa pwani yetu wanavyoitwa fulani bin fulani bin fulani. Bila mtu wa hapo kijijini, orodha itamhesabu mzee mmoja mara tatu na kumpoteza nduguye. Kwa hiyo nasisitiza wasikilizaji wazawa walipwe kama mafundi mitambo wanavyolipwa.

Kanda za sumaku, zikiwemo za redio ya Raidió na Gaeltachta iliyoanza Aprili 1972, zina maradhi yake. Kanda za asetati hutoa harufu ya siki, na zenye harufu hiyo hutengwa mara moja zisiambukize nyingine. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hunata kwa sababu gundi yake imefyonza unyevu. Hizo hupashwa kwenye kabati la joto la nyuzi 50 hivi kwa saa kadhaa, zikasomeka kwa muda mfupi, muda ambao lazima utumike vizuri. Tatizo kubwa zaidi ni mashine za kuzichezea, ambazo siku hizi huundwa kwa nadra sana, na vipuri vyake vinaisha.

Kama nyumbani kwenu kuna kanda au santuri ya mzee wenu, wa Kerry au wa Pemba, usiijaribu kwenye mashine ya zamani kuona kama bado inafanya kazi. Isimamishe wima mahali pakavu na penye ubaridi, mbali na dirisha. Iandikie kwa penseli kwenye bahasha, si kwenye santuri yenyewe: nani anasema, mtoto wa nani, wa kijiji gani, mwaka gani, nani alirekodi. Muulize shangazi au babu angali hai. Na baada ya kuhamishiwa kwenye faili, usiitupe ya asili. Tayari kuna mitambo inayopiga picha mifereji ya silinda na santuri bila kuigusa kwa sindano na kuisoma sauti kutoka kwenye picha, na imeshasoma santuri zilizovunjika ambazo wahifadhi walikuwa wamezikatia tamaa.