Antibayotiki ya kuteua seli ni nini?

Mpwa wangu anayesoma bayolojia alikuja likizo hapa Bagamoyo na swali moja: "Mjomba, antibayotiki si za kuua bakteria? Mbona maabara wanaziweka kwenye seli za binadamu, tena makusudi ziziue?"

Neno ni moja, kazi ni mbili. Kwenye maji ya kukuzia seli watu hutia penisilini na streptomaisini ili bakteria wasiote humo. Penisilini hushambulia ukuta wa bakteria, na seli zetu hazina ukuta huo, kwa hiyo hazidhuriki. Hapo hakuna uteuzi.

Uteuzi unaanza mtafiti anapoingiza jeni mpya kwenye seli. Zinazoipokea na kuitunza ni chache, na ukizitazama zote ni sawa. Basi jeni anayoitaka huiambatanisha na jeni nyingine inayokinga dhidi ya dawa fulani, halafu anazitia seli zote dawa hiyo: zenye kinga zinabaki, nyingine zinakufa.

Nilimpeleka kwenye mikoko. Nikamwambia, chukua miche ya mchicha na ya mikoko, ichanganye kitalu kimoja, kisha mwagilia maji ya bahari wiki mbili. Itabaki mikoko. Chumvi haikuipa uwezo huo, ilikuwa nao tangu mwanzo. Hili nalisisitiza, maana wengi hudhani dawa ndiyo inayoifanya seli iwe sugu.

Puromaisini ndiyo naipenda zaidi kuielezea. Umbo lake linafanana na ncha ya molekuli inayopeleka asidi amino kwenye ribosomu, yaani kiwanda cha protini ndani ya seli. Ribosomu huipokea, na mnyororo wa protini unakatika kabla haujakamilika. Ribosomu za bakteria na zetu zote hudanganyika, ndiyo maana inaua pande zote mbili. Seli yenye jeni ya kinga hutengeneza kimeng'enya kinachoibadilisha dawa ile isifanye kazi. Kwa kawaida siku 2 hadi 4 zinatosha. G418, dawa nyingine ya kuteulia seli, huchukua wiki moja, mbili, pengine zaidi.

Kipimo hakikisiwi. Kwanza seli zisizo na jeni ya kinga huwekwa kwenye vishimo vyenye dawa kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi, na huchaguliwa kipimo cha chini kabisa kinachoziua zote. Tafadhali usiiruke hatua hii. Dawa ikiwa hafifu utalea seli zisizo na jeni kwa wiki nzima. Ikizidi, hata zenye kinga zitakufa. Ukishaingiza jeni, subiri siku moja au mbili seli ijijengee kinga ndipo utie dawa, na pembeni uwe na sahani ya seli zisizo na jeni, zipate dawa ileile. Hiyo ikibaki na seli hai, kipimo hakijatosha.

Kwenye hadubini, seli zilizokuwa bapa zimeshika chini hujikunja duara, zinang'oka, zinaelea. Baada ya siku kadhaa unaona visiwa vidogo vimetulia, vinakua.

"Halafu dawa inaondolewa?" akauliza. Wengi huipunguza tu, kwa sababu bila dawa baadhi ya seli huweza kuizima au kuipoteza jeni ile polepole.